Kisu cha Mfukoni: Jinsi Watu wa Mjini Walivyokichagua Kilicho Kidogo

Neno kisu lina kiambishi ambacho katika maneno mengi ya Kiswahili huonyesha udogo, lakini msemaji alitamkapo hahisi udogo wowote. Akitaka kutaja kilicho kidogo husema kijisu. Akitaka kutisha husema jisu. Kati ya viwili hivyo kipo kifaa cha tatu ambacho lugha haijakishughulikia sana, nacho ni kile kinachokunjwa, makali yakaingia ndani ya mpini wake, kikatiwa mfukoni pamoja na funguo na leso. Huitwa kisu cha kukunja, au kisu cha mfukoni, na mara nyingine kijembe, neno lililozaliwa na jembe na ambalo siku hizi limehamia zaidi katika maneno ya kuchoma kuliko katika vyombo vya kukatia. Kifaa hiki kina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika nchi ya Uingereza, baina ya mji wa Sheffield kilikofuliwa na mji wa London kilikochukuliwa. Ndiyo itakayotazamwa hapa, kwa kuwa imeacha nyuma yake swali la maana ambalo wafasiri na watunga kamusi wa Kiswahili hawawezi kulikwepa.

Zamani kisu hakikufichwa. Katika Uingereza ya karne za kati kila mtu mzima alikuwa na chake, akikichomeka katika mshipi ndani ya ala, na alipoalikwa kula alikuja nacho, maana mwenyeji hakuwa na desturi ya kuwapa wageni visu. Methali ya Waswahili isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama ingeeleweka mara moja katika karamu za watu wale. Mshairi Chaucer, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 14, anamtaja msaga nafaka mmoja mgomvi aliyechukua kisu cha Sheffield ndani ya soksi yake ndefu; na hapo jina la mji ule lilikuwa tayari ni sifa ya kisu, kama vile mtu atajavyo nguo kwa jina la bandari ilikotoka.

Mambo yalianza kugeuka katika karne ya 17, nayo yakaendelea kugeuka katika karne ya 18. Uma uliingia mezani, wenyeji wakaanza kuandika meza kwa visu na uma vya nyumba yao, na mgeni hakuwa tena na haja ya kuja na chombo chake. Kisu cha mshipini kikapoteza kazi yake ya kwanza, na kilipoipoteza kikabaki na ile ya pili tu, ya kujihami au kushambulia. Mtu aliyetembea nacho mjini hakuonekana tena kuwa mtu ajiandaliaye chakula. Alionekana kuwa mtu aliye tayari kwa ugomvi. Mwambao wa Afrika ya Mashariki ulifuata njia nyingine. Jambia la Waomani, lililovaliwa pia na waungwana wa Unguja, lilikaa mbele ya kiuno mahali pa kuonekana, na heshima yake ilikuwa katika kuonekana huko. Muungwana aliyelivaa alikuwa akitaja daraja yake, wala hakuna aliyedhani kwamba atalichomoa akatie kamba. Mwingereza wa mjini alifanya kinyume chake: alikiondoa kisu machoni mwa watu, akakipunguza, akakikunja.

Kukunja hakukuvumbuliwa naye. Kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa kimepatikana Hallstatt, nchini Austria, cha tangu karne kama sita kabla ya Kristo. Na katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, kimo chombo cha Kirumi cha karne ya tatu baada ya Kristo, chenye kijiko, uma, kisu na vitu vingine vikunjwavyo pamoja. Tatizo la visu hivyo vya kale lilikuwa moja. Kengee, yaani ubapa wenye makali, ilizunguka juu ya msumari wake bila ya kitu cha kuishika isipokuwa mkwaruzo wa chuma na mpini. Ilipolegea ilifunguka mfukoni ikachana nguo, au ilijifunga juu ya vidole vya mwenye kukata.

Mafundi wa karne ya 17 walilitengeneza jambo hilo kwa kamani ya mgongoni. Ni kipande chembamba cha chuma cha pua kilicholazwa katika mgongo wa mpini, kikigandamiza kisigino cha kengee. Kengee ikifunguliwa, kamani huinuka kidogo, kisha hushuka na kuishika. Ikifungwa, huinuka tena na kushuka, na kengee hulala ndani pasipo kutikisika. Hakuna kitufe wala komeo. Nguvu ya dole gumba hutosha kufungua, na nguvu ya kiganja hutosha kufunga. Ubora wa kisu namna hii husikika kabla haujaonekana: fundi hukifungua na kukifunga karibu na sikio, na kisu chema hutoa mlio mkavu, mmoja, usio na mkwaruzo. Yafaa kuikumbuka kamani hii, kwa maana miaka mia tatu baadaye ndiyo itakayosimama mahakamani.

Sheffield uliitawala kazi hii kwa sababu zilizo wazi. Mito midogo iliyoshuka kutoka vilimani, kama Rivelin, Loxley na Porter, iligeuza magurudumu ya kusagia; mawe ya kunolea yalichimbwa katika vilima vile vile; na makaa hayakuwa mbali. Mwaka 1624 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chama cha Mafundi wa Visu cha Hallamshire, ndilo jina la kale la wilaya ile, kikapewa mamlaka ya kuandikisha alama za mafundi na kuwahukumu waliotengeneza vitu vibovu. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, fundi wa saa, aliyekuwa akitafuta chuma safi cha kamani za saa zake, alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, na chuma hicho kikaingia baadaye katika makali ya visu.

Kazi iligawanywa: mmoja alifua, wa pili alisaga, wa tatu alitia mpini na kuunganisha. Wengi walifanya kazi katika vyumba vya kukodi, kila mmoja bwana wa nafsi yake na maskini wa nafsi yake. Wasagaji ndio walioumia zaidi. Vumbi la jiwe na chuma liliingia mapafuni, na daktari George Calvert Holland wa mji ule, katika kitabu alichokitoa mwaka 1843, alieleza maradhi yao kwa urefu; waliosaga uma, ambao husagwa pakavu pasipo maji, wengi wao walikufa kabla ya kufika miaka 40. Kijisu chenye mpini wa ganda la lulu, kilichowekwa katika mfuko wa kizibao cha karani wa London, kilibeba gharama hiyo pia, ingawa muuzaji hakuiandika katika hesabu yake.

Karani huyo alikihitaji kweli. Kabla ya karne ya 19 kwenda mbali, kalamu ya Ulaya ilikuwa unyoya wa bata bukini, nao ulichakaa upesi ukahitaji kuchongwa mara kwa mara kwa kisu chembamba. Kwa hiyo Waingereza walikiita kisu hicho kwa jina la kalamu, na wanakiita hivyo hata leo, ingawa tangu viwanda vya Birmingham vilipoanza, baada ya 1820, kutoa ncha za chuma kwa wingi, hakuna aliyechonga unyoya tena isipokuwa kwa kupenda. Jina limeishi zaidi ya kazi. Waandishi wa mwambao wetu walioandika kwa hati za Kiarabu nao walichonga kalamu zao za matete kwa kisu kidogo, na kupasua ncha ili wino ushuke; lakini kwa Kiswahili kazi hiyo haikuacha jina juu ya kisu. Hapa lugha mbili zilizokuwa na chombo kimoja zilitofautiana, na tofauti hiyo yastahili kutiwa katika maelezo ya neno kijembe, badala ya kulitafsiri tu kwa neno la Kiingereza kana kwamba yanatoshana.

Wafua visu walipotaka kujionyesha walitengeneza vitu visivyoweza kuchukuliwa na mtu. Kampuni ya Joseph Rodgers, ambayo alama yake ya nyota na msalaba wa Malta iliandikishwa mwaka 1682, ilitengeneza kisu cha mwaka 1822 chenye kengee 1,822. Na katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 ilionyesha kingine chenye kengee na vyombo 75. Ni maajabu ya ufundi, na hayana faida nyingine. Mnunuzi wa mjini alitaka kinyume cha maajabu hayo: kengee moja au mbili, unene usiovimbisha mfuko, pembe zilizoviringwa zisichane kitambaa, na kijitundu cha kucha kilichokatwa vizuri ili kengee ifunguke bila kuvunja ukucha. Alikata kamba ya bahasha, alichonga penseli, alimenya tofaa. Kwa kazi hizo sentimita tano za makali hutosha, na zilizozidi ni uzito tu.

Tofaa ndilo lililoleta shida ya chuma. Asidi ya matunda hufanya chuma cha kawaida kuwa cheusi na kutia ladha mbaya katika chakula, na ndiyo sababu matajiri walichukua visu vya matunda vyenye kengee za fedha, vilivyo butu lakini safi. Mwaka 1913 Harry Brearley, mtoto wa Sheffield, alipokuwa akichunguza chuma cha mitutu ya bunduki, alipata chuma chenye kromiamu kisichoshika kutu. Mafundi wa visu hawakukipokea kwa furaha, kwa maana kilikuwa kigumu kufua na kusaga, na visu vya kwanza havikushika makali vizuri. Walakini kilishinda. Mtu wa mjini hana kinoo mfukoni, wala hafuti kisu chake kila akitumiapo; alikubali makali yaliyopungua kidogo ili aondokane na kutu. Na katika hilo hakukosea.

Nje ya Uingereza palikuwa na wengine walioleta mawazo mapya. Katika Savoie, nchini Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu cha wakulima chenye mpini wa mti, na mwaka 1897 alikipanga katika vipimo 12. Hakikuwa na kamani. Kilishikwa kwa mkwaruzo, kama vya kale. Mwaka 1955 Marcel Opinel alikitilia pete ya chuma izungukayo shingoni na kuifunga kengee isijikunje, nayo imewekwa katika vipimo vya 6 na zaidi, si katika vile vidogo vya 2 hadi 5. Katika Uswisi, Karl Elsener wa Ibach alianza kulipatia jeshi visu mwaka 1891, na tarehe 12 Juni 1897 aliandikisha kisu chepesi zaidi kwa maofisa, ambacho kamani yake moja ilishika vyombo vya pande mbili. Hicho ndicho kilichoenea mijini duniani kote kwa rangi yake nyekundu, chini ya jina la Victorinox lililoanza kutumika mwaka 1921.

Hadi kufikia hapo mchaguzi alisikiliza mfuko wake, kazi yake na macho ya jirani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaongezeka msemaji wa nne, ndiyo sheria. Katika Uingereza, Sheria ya Kuzuia Uhalifu ya mwaka 1953 ilimkataza mtu kuwa na silaha ya kudhuru mahali pa watu wote bila ruhusa halali au sababu ya maana. Kisu cha kawaida cha mfukoni hakikuwa silaha kwa asili yake. Ilikuwa juu ya mshtaki kuonyesha kwamba mwenye nacho alikusudia kudhuru. Mwaka 1959 sheria nyingine ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza visu vinavyofyatuka kwa kitufe na vile vinavyofunguka kwa kuangushwa. Hata hapo, mtu mwenye kisu cha fundi wa Sheffield hakuguswa.

Aliguswa mwaka 1988. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki za Jinai ya mwaka huo kiligeuza mzigo: mtu yeyote mwenye kitu chenye kengee au ncha kali mahali pa watu wote ana kosa, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe sababu njema, kama vile kazi, dini, au vazi la taifa lake. Kimeachwa kimoja tu: kisu cha mfukoni kikunjwacho, ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Sheria haikueleza kukunjwa ni nini. Labda watunga sheria walidhani kila mtu ajua.

Jibu lilitolewa na mahakama mwaka 1993 katika shauri la Harris, likathibitishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1998 katika shauri la Deegan. Majaji walisema kisu cha mfukoni kikunjwacho ni kile kinachoweza kukunjwa mara moja na wakati wowote, kwa tendo la kukunja peke yake. Kisu ambacho kengee yake hufungwa na komeo, na ambacho lazima kitufe kibonyezwe kabla ya kukikunja, si kikunjwacho kwa maana ya sheria, hata makali yake yawe mafupi namna gani. Kwa hukumu hiyo kamani ya karne ya 17 ikawa mpaka wa uhalali. Kisu cha kamani ni halali kwa sababu kinaweza kujifunga juu ya kidole cha mwenyewe. Kisu cha komeo, kilichobuniwa ili kuviokoa vidole, ndicho kinachotiliwa shaka. Hoja ina mantiki yake, kwamba kisu kisichosimama imara si kizuri kwa kuchoma. Lakini fundi wa umeme aliyesahau kisu chake cha komeo mfukoni siku ya mapumziko yuko katika hatari ambayo mwenziwe mwenye kisu cha babu yake hanayo, na mtu aliyevaa jambia pamoja na vazi la taifa lake ana utetezi uliotajwa waziwazi katika sheria, utetezi ambao yeye hana. Ni vigumu kuiona haki kamili katika mpango huu, ingawa ni rahisi kuona ulikotokea.

Miji mingine ilipima kwa njia nyingine. New York, kwa sheria ya tangu 1958, ilikataza visu vinavyofunguka kwa uzito wao, na polisi wake wakawa wakijaribu visu vya wafanyakazi kwa kuvikung'uta kwa kifundo cha mkono. Kilichofunguka kilimtia mwenyewe mashakani, hata kama kiliuzwa dukani hadharani. Watu wengi walishtakiwa kwa jaribio hilo kabla sheria haijafutwa tarehe 30 Mei 2019. Katika viwanja vya ndege, baada ya tarehe 11 Septemba 2001, hata kijisu kidogo kabisa kilikatazwa. Mwezi wa Machi 2013 idara ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitangaza kwamba itaruhusu visu vyenye kengee isiyozidi sentimita 6, isiyo na komeo, lakini wafanyakazi wa ndege walipinga kwa nguvu na mwezi wa Juni mpango ukaachwa. Yafaa kuona kwamba hapo napo, katika nchi nyingine na kwa sababu nyingine, komeo ndilo lililotenganisha.

Sasa lije swali la lugha. Kiswahili husema kisu cha kukunja kwa vyote viwili, cha kamani na cha komeo, wala hakuna kosa katika mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa vyote hukunjwa. Lakini mkalimani asimamaye mahakamani mjini London, mbele yake Mswahili aliyekamatwa na kisu, akisema kwamba mshtakiwa amekiri kuwa na kisu cha kukunja, amekwisha kutoa hukumu nusu bila kujua, na huenda ameitoa kwa upande usio wake. Akisema kisu cha kufunga anaharibu zaidi, kwa maana kufunga kisu katika Kiswahili cha kila siku ni kukirudisha katika mpini, ambalo ndilo tendo lile lile la kukunja. Kamani ni neno la zamani lijulikanalo na mafundi wa saa na wa cherehani. Komeo hujulikana na kila mwenye mlango. Kisu cha kamani na kisu cha komeo ni majina yanayoeleweka bila ya mwalimu, na kamusi zingefanya vyema kuyatia chini ya neno kisu, kila moja na maelezo yake, pamoja na kisu kifyatukacho kwa kile kilichokatazwa mwaka 1959.

Wakati huohuo kifaa chenyewe hakijangoja. Mwezi wa Mei 2024 mkuu wa kampuni ya Victorinox, mjukuu wa kizazi cha nne wa yule Elsener wa Ibach, alieleza kwamba kwa sababu ya sheria zinazoongezeka katika nchi nyingi kampuni yake inaandaa vyombo vya mfukoni visivyo na kengee. Chombo hicho kitakuwa cha mfukoni bado, lakini bila ya kengee. Watunga kamusi watapaswa kuamua kama bado kiitwe kisu.